Jiwe la Msingi Halikati Kiu

Mji wa Same umekaa upande wa Milima ya Upare ambao mvua huupa kisogo. Kaskazini-magharibi yake lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Maji yake hushuka kwa Mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na kuishia Bahari ya Hindi. Baharini yalifika mapema, Same yalichelewa. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe ulianza kujengwa mwaka 2014, na Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Machi 2025. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza ujenzi ulipoanza alikuwa amekwisha kumaliza kidato cha nne.

Huko pwani nako ahadi haikuwa na bahati njema zaidi. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo, mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliyakataa masharti ya wawekezaji, na mradi ukasimama. Kukataa masharti mabaya si kosa. Kosa ni kuweka jiwe kabla ya kukubaliana masharti.

Wapo wasemao kwamba miradi mikubwa huchelewa duniani kote. Ni kweli. Lakini hoja hiyo hutetea kuchelewa tu. Haitetei kumwacha mwananchi angoje bila maelezo.

Wapare wanalijua jambo hili tangu kale. Ndiva zao, yaani mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba, hutengenezwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Mwenye shamba anajua zamu yake ya maji, na anajua nani wa kuulizwa mfereji ukipasuka. Ndiva ni ndogo, lakini ina wenyewe.

Basi mtumishi wa Serikali anayepanga ratiba ya mradi hana budi kuisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Na ikibadilika, arudi mkutano ule ule na sababu, gharama na tarehe mpya. Mwalimu naye awafundishe vijana kuisoma ratiba hiyo kama wasomavyo ramani. Na jiwe la msingi lisiwekwe kabla mkataba haujatiwa sahihi na fedha hazijapatikana.

Ahadi ni deni. Deni lisiloandikwa daftarini hulipwa na mnyonge, kwa ndoo kichwani.