Ulizeni Siku, Msiulize Idadi ya Kamera

Tangu umeme wa Tanga ulipofika Pemba kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, wenye maduka na maghala wameweza kufikiria kamera za ulinzi. Wengi huuliza kwanza idadi ya kamera. Kwa maoni yetu, la kuuliza kwanza ni picha zitakaa siku ngapi.

Kamera moja inayorekodi usiku na mchana kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 4 hujaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 hivi. Kisha picha za zamani hufutwa kupisha mpya.

Sasa mchukulieni tajiri wa Kojani aliyefunga ghala la nyavu na injini za boti, akaenda dago mwezi mzima. Injini ikiibwa siku ya 3, akirudi hana ushahidi.

Diski ya terabaiti 4 ingempa siku 46. Hivyo basi, punguzeni kamera, ongezeni diski, na kirekodi kifichwe. Mwizi akiondoka nacho, ameondoka na shahidi.