Tusiidharau Kazi ya Mikono: Neno Juu ya Wanaonakili Vifaa vya Sinema



Wapendwa Taifa la Mungu, tafakari yetu ya juma hili inahusu jambo ambalo si kawaida kulisikia likitajwa na padre. Wapo watu, wengi wao Marekani na Uingereza, ambao jioni baada ya kazi huingia katika banda la nyuma ya nyumba na kutengeneza kwa mikono yao nakala za vitu walivyoviona katika sinema: helmeti ya askari wa angani, upanga wa nuru, kikombe cha kale, taji la malkia. Vijana wetu wanawatazama kupitia intaneti, na baadhi yao wameanza kujaribu kwa maboksi, sponji na gundi. Hapo ndipo makelele yalipoanza.

Makelele hayo ni ya namna mbili. Wapo wanaosema kwamba huo ni uchongaji wa sanamu, kwamba kinyago cha sinema ndani ya nyumba ya Mkristo ni mlango wa mapepo. Wapo pia wanaosema kwamba ni utoto tu, ufujaji wa muda na fedha, na kwamba mtu mzima mwenye akili zake hawezi kupiga msasa upanga wa plastiki usiku kucha. Sisi tunasema waziwazi: makundi yote mawili yamekosea. Na kosa lao si dogo, kwa maana linamfundisha mtoto kwamba mikono aliyopewa na Mungu ni ya kupokelea tu vilivyotengenezwa na wengine.

Kwanza tujue tunachokihukumu. Mtu anayetengeneza helmeti nyumbani huanza na mchoro katika kompyuta. Kisha hutumia printa ya 3D, yaani mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki kwa joto la nyuzi 200 hivi na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa nyembamba kuliko nusu ya milimita, mpaka umbo kamili lisimame. Helmeti moja yaweza kuchukua zaidi ya siku nzima kuchapwa. Hata hivyo mashine ikizimwa kazi ndiyo kwanza inaanza: kupaka puti, kupiga msasa, kupaka rangi ya msingi, kupiga msasa tena, kisha rangi za kukifanya kifaa kionekane cha chuma kilichochakaa vitani. Wengine hutengeneza kalibu ya silikoni na kumimina rezini ndani yake ili wapate nakala ya pili na ya tatu. Wengine hukata sponji ngumu na kuipinda kwa hewa ya moto. Mashine hizi ziliingia majumbani baada ya mwaka 2005, pale Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alipoanzisha mradi wa RepRap wa printa inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya vipuri vyake yenyewe, akatoa michoro yake bure. Hii si kazi ya mtu mvivu.

Sasa tuwajibu wanaosema ni ibada ya sanamu. Ndugu zetu hawa wanasoma sura ya 20 ya kitabu cha Kutoka na kuishia hapo. Wangeendelea mpaka sura ya 31 wangemkuta Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, ambaye Mungu mwenyewe alimwita kwa jina na kumjaza roho yake ili awe na ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Bezaleli hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi, na karama aliyopewa ilikuwa ufundi. Ni yeye aliyetengeneza Sanduku la Agano, lenye urefu wa dhiraa mbili na nusu, pamoja na makerubi mawili ya dhahabu juu yake. Sanduku hilohilo lilitengenezwa upya kwa ajili ya filamu ya Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981, na mafundi wa nyumbani wamekuwa wakilinakili, dhiraa kwa dhiraa. Je, Maandiko yangechekwa kwa hilo? La hasha! Wapo vijana watakaofungua kitabu cha Kutoka kwa mara ya kwanza ili wapate vipimo.

Sanamu huwa mungu wa uongo kwa ibada inayopewa, si kwa kuchongwa kwake. Kanisa lilikwisha kulifafanua jambo hili katika Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, lilipotetea picha takatifu. Nabii Isaya, katika sura ya 44, anamdhihaki yule fundi aliyekata mti, akaota moto kwa nusu yake, kisha akaipigia magoti nusu iliyobaki. Dhihaka yenyewe inatokana na kwamba mtu huyo amesahau kuwa kitu hicho amekitengeneza yeye. Lakini kijana aliyeipiga msasa helmeti yake kwa usiku tatu hawezi kusahau. Anajua ufa ulipo, anajua puti imeziba wapi, na anawaonyesha wenzake hatua kwa hatua. Kama tunatafuta waabudu sanamu, twende kwa yule asiyejua simu yake imetengenezwaje, wala hawezi kukaa saa moja bila kuishika.

Na wale wanaosema ni utoto, tunawauliza: mnajua upanga wa nuru wa kwanza ulitoka wapi? Filamu ya kwanza ya Star Wars ilipotengenezwa, kabla ya kuonyeshwa mwaka 1977, Roger Christian, aliyehusika na kupamba mandhari, alikuta katika duka la vifaa vya picha jijini London vipini vya zamani vya flashi za kamera aina ya Graflex. Akachukua kipini, akabandika vipande vya plastiki, na upanga ukawa tayari. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya usanifu wa mandhari, naye alikuwa miongoni mwa waliotuzwa. Kumbe hicho kinachonakiliwa leo kwa heshima kubwa kilizaliwa kutoka kwa chombo kilichokwisha kutupwa na wakati! Aliyekiona hakuwa na kitu tusichokuwa nacho. Alikuwa na macho yanayoona, na mikono isiyoogopa kujaribu.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawataja mhunzi, mfinyanzi na mchonga mihuri, akisema kwamba watu hawa hawaketi katika baraza la wakuu, lakini bila wao mji haukaliki. Na kazi yao ndiyo sala yao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa Septemba 14, 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba thamani yake hupimwa kwanza kwa huyo anayeifanya. Basi tusiulize tu, "Kifaa hiki kinauzwa shilingi ngapi?" Tuulize pia, "Aliyekitengeneza amekuwa mtu wa namna gani?" Amejifunza kupima, kusubiri, kuharibu na kuanza upya. Hizo ni fadhila, wapendwa.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipovamia na hospitali za Ulaya na Marekani zikakosa vifaa vya kinga, watu wenye printa hizi majumbani, wakiwemo watengenezaji wa mavazi na vifaa vya sinema, waliacha helmeti zao na kuchapa fremu za ngao za uso kwa ajili ya wauguzi. Ufundi ulikuwapo tayari. Dharura ilipobisha hodi, haikuwakuta wamelala.

Tena kuna kundi liitwalo 501st Legion, lililoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson, la watu wanaojitengenezea mavazi ya askari wa Star Wars na kuyavaa kwenda kuwatembelea watoto wagonjwa. Binti wa mwanzilishi huyo aliugua saratani ya ubongo. Mafundi wenzake, wale wanaojenga roboti za sinema katika magereji yao, waliazimia kumtengenezea roboti wa rangi ya waridi wa kumlinda. Mtoto alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka saba. Roboti huyo, aitwaye R2-KT, amekuwa akizunguka kuwafariji watoto wengine na kuchangisha fedha kwa ajili yao. Anayeuita huo upuuzi atuambie yeye amemjengea nini mtoto wa jirani aliyelazwa wodini.

Hatusemi kwamba hakuna hatari. Zipo, ila makelele yanazikosa.

Ya kwanza ni amri ya saba. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la kampuni ya Lucasfilm dhidi ya Andrew Ainsworth, aliyetengeneza helmeti za filamu ya 1977 na baadaye kuuza nakala. Ilisema kwamba kwa sheria ya nchi hiyo helmeti hiyo si sanamu ya kisanaa ya kulindwa hivyo. Lakini pia ikakubali kwamba haki za Marekani zinaweza kudaiwa katika mahakama za Uingereza. Sheria za wanadamu zina kona nyingi. Dhamiri haina kona: kujitengenezea cha kujifunzia ni jambo moja, na kumuuzia mwenzako nakala ukiapa kuwa ndiyo iliyoshikwa na mwigizaji ni wizi.

Ya pili ni amri ya tano. Novemba 2014, huko Cleveland, Marekani, mvulana wa miaka 12 aliuawa na polisi akiwa na bastola ya kuchezea iliyofanana na ya kweli, ambayo alama yake ya rangi ya machungwa ilikuwa imeondolewa. Na mwaka 2013, huko Texas, ilitolewa michoro ya bastola ya plastiki ya kuchapwa, yenye kuua kweli. Kwa hiyo tunasema bila kigugumizi: nakala ya bunduki isitoke nje ya nyumba, na bunduki ya kweli isichapwe kamwe. Rezini ambayo haijakauka nayo hudhuru ngozi, na vumbi la msasa hudhuru mapafu. Glavu, barakoa na dirisha lililo wazi ni sehemu ya kumheshimu Mungu aliyekupa mwili.

Na ya tatu, kikombe cha kale cha Indiana Jones and the Last Crusade ya mwaka 1989, hata kikinakiliwa vizuri namna gani, kibaki rafuni. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 inakataza vyombo duni katika Misa Takatifu.

Tumalizie na taji. Katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, malkia Ramonda anavaa taji lililochapwa kwa printa ya 3D. Mbunifu wa mavazi, Ruth E. Carter, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, alilitoa katika isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanalinakili majumbani mwao. Tazameni safari hiyo! Kazi ya mikono ya bibi wa Kiafrika imevuka bahari, imeingia katika kompyuta, imetukuzwa ulimwenguni, nasi tunamkemea kijana wetu anayetaka kujifunza kuitengeneza. Ukili unasukwa bado vijijini, udongo unafinyangwa, mpingo unachongwa. Wazee wanaoujua ufundi huo wanazikwa nao, huku sebule zikijaa maua ya plastiki yaliyotoka kontenani.

Basi, wazazi, msimnyang'anye mtoto mkasi na gundi. Muulizeni anatengeneza nini, kisha mpelekeni kwa seremala au mfinyanzi wa Jumuiya yenu akae naye Jumamosi moja. Nanyi mafundi, msimfukuze kwa kuwa amekuja na picha ya sinema. Mpeni msasa. Bwana wetu Yesu Kristo alijulikana Nazareti kama seremala kabla hajajulikana kama mwalimu, na hakuna Injili inayosema kwamba miaka ile ilipotea.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Mungu awabariki nyote.