Kabla hujasaini, angalia ubavu wa lori

Makala nzuri kuhusu kutafuta kazi ya udereva wa lori, ila mwandishi amepita mbio kwenye namba ya USDOT, yaani namba ya usajili wa kampuni. Hapa Marekani malori ya biashara yanayovuka majimbo huandikwa namba hiyo ubavuni. Ukiiingiza kwenye SAFER, tovuti ya FMCSA, mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa malori, unapata taarifa za kampuni bure kabisa.

Wengi wakiona usajili uko hai wanafunga ukurasa. Shukeni chini! Kuna jedwali la ukaguzi wa miezi 24: magari na madereva waliokaguliwa, na asilimia ya waliozuiwa kuendelea na safari, iwe kwa breki, matairi au kuzidisha saa za kuendesha. Wastani wa nchi nzima upo hapo hapo, unalinganisha mwenyewe. Kampuni ambayo nusu ya magari yake yaliyokaguliwa yalizuiwa, mimi sipandi lori lake hata walipe vipi. Ajali nazo zimo, lakini hazisemi nani mwenye kosa, kwa hiyo msihukumu kwa hizo peke yake.

Halafu kuna wajanja (na sisi tunawajua) wanaofunga kampuni yenye rekodi chafu na kufungua nyingine kwa jina jipya, anwani na simu zilezile. Namba mpya, breki za zamani. Tafuteni na hiyo anwani mtandaoni.

Ndugu zangu mliotoka Kongo, Kenya na kwingineko, mliopata leseni ya CDL ya kuendesha malori juzi: mtu akikuharakisha usaini mkataba wa kazi leo leo, mwombe kwanza namba ya USDOT. Akisitasita, achana naye.