Usihamishe kijiji bila bekapu

Jamani, ngoja niseme hili kabla hasira haijapoa.

Kwa sisi tunaoandika programu kuna dhambi moja kubwa: kuhamisha hifadhidata bila bekapu. Niliwahi kuitenda. Seva ya mteja, Ijumaa usiku, nikajiambia ni kazi ya dakika kumi tu. Rekodi za miaka mitatu zikapotea. Tangu siku hiyo sihamishi hata orodha ya namba za simu kabla sijaweka nakala.

Sasa niambieni, kwa nini tunakubali watu wahamishwe bila nakala hata moja ya walichokiacha?

Nazungumzia Magwagwa, Nyamira. Mpango wa bwawa kwenye mto Sondu umezungumzwa kwa miongo kadhaa na bwawa lenyewe halijajengwa. Kila baada ya miaka michache habari hufufuka: umeme, maji, kilimo cha kunyunyizia. Sipingi umeme. Bila umeme mimi sina kazi. Mto huohuo, huko chini, unaendesha mitambo ya Sondu-Miriu, megawati 60, na Sang'oro, megawati 21. Taa zinawaka. Lakini Sondu-Miriu ilipokuwa ikijengwa, malalamiko ya wakazi kuhusu vumbi, maji na fidia yalifika hadi Japani, nchi iliyotoa mkopo. Yaani watu walilazimika kupiga kelele ng'ambo ya bahari ili wasikike nyumbani.

Wakati huohuo tunao Wakenya wanaojua kuchukua bekapu ya ardhi. Cave_bureau, kampuni ya wasanifu majengo ya Nairobi iliyoanzishwa 2014 na Kabage Karanja na Stella Mutegi, huingia mapangoni na kupima kuta, dari na mashimo kama vile wengine wanavyopima kiwanja cha ghorofa. Wamekwenda Shimoni, palipo na kumbukumbu za biashara ya watumwa. Wamekwenda Mlima Suswa, ambako Wamaasai wanaishi juu ya mvuke unaotamaniwa na wazalishaji wa umeme. Mwaka 2021 walipeleka Venice umbo la pango la Mbai, maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, wakalichora hewani kwa mawe ya obsidian yaliyoning'inizwa. Mwaka 2025 walikuwa miongoni mwa walioandaa banda la Uingereza kwenye maonyesho hayohayo ya Venice, na banda likatajwa kwa heshima na majaji.

Najua kuna wanaocheka. "Wasanifu gani hawa, wanachora mapango badala ya kujenga nyumba?" Mimi nasema hao wanaocheka hawajaelewa kazi. Pango ni jengo ambalo halina ramani ofisini. Ukilipima, unalipa ushahidi. Kesho akija mtu kusema hapa hapakuwa na kitu, unamfungulia faili.

Na Magwagwa je? Utaniambia hati za ardhi zipo. Hati inaonyesha mipaka na jina, mara nyingi jina la babu aliyekwisha kufa. Haionyeshi chemchemi ya watu kumi na wawili. Haionyeshi njia ya kwenda sokoni. Haionyeshi kaburi lisilo na jiwe, nasi Wagusii tunazika nyumbani, kwenye shamba. Mthamini atahesabu migomba na mabati. Kaburi la bibi atalihesabu vipi kama anayelijua ni mzee mmoja wa miaka themanini?

Misri walifanya kinyume. Kati ya 1964 na 1968 mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande na kupandishwa juu ya maji, jiwe kwa jiwe. Wanubi wenyewe walipakiwa wakapelekwa mbali na mto wao. Mawe yalipata bekapu, watu hawakupata.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza kwa Cave_bureau na wote wa aina yao: Venice mmefika, hongereni. Sasa njooni milimani kwetu, na mkimaliza kupima mtuachie faili, zifunguke bila programu ya bei ya ng'ombe.

La pili kwetu sisi vijana wa tarakilishi tunaorudi nyumbani Desemba kula na kulala. Simu uliyo nayo ina kamera na jipiesi. Tembea na mzee, piga alama kila kaburi, kila chemchemi, rekodi sauti yake akieleza. Halafu fuata kanuni tunayoijua sote: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Moja iwe ya familia, moja shuleni, moja nje ya bonde.

Bwawa likija, tutajadiliana tukiwa na ushahidi. Lisipokuja, tutakuwa na ramani ya kwetu. Hasara iko wapi?

Seva ikifa unanunua nyingine. Yule mzee akifa, hakuna duka.