Nyundo Si Adhabu

Msomaji kijana, hapana shaka umepata kulisikia tisho hili, ama nyumbani ama darasani: "Usiposoma utaishia kugonga mabati." Husemwa kwa nia njema, na mtoto hulipokea kwa hofu. Lakini nia njema haiwezi kuligeuza neno la uongo kuwa la kweli. Nataka kulipinga tisho hilo mbele yako, kwa sababu limeishi miaka mingi bila ya kuulizwa hoja yake, na kwa sababu hasara yake itakuangukia wewe kuliko yule aliyelisema.

Kama ulipata kulala bwenini, tuanzie chini ya kitanda chako. Hapo lipo sanduku la bati. Yamkini lilitengenezwa Kamukunji, Nairobi, ambako mafundi wa jua kali hukata, hukunja na hugonga chuma kutwa nzima. Ndani ya sanduku hilo umevifungia vitabu vyako kwa kufuli. Ni ajabu gani, basi, vitabu vilindwe na kazi ya mikono ya mtu, na mwenye vitabu afundishwe kumcheka mtu huyo!

Wadharauji husema ya kwamba kazi hii haitaki akili. Tuipime kauli yao kwa hesabu. Pipa la mafuta la lita 200 lina kipenyo cha sentimita 57 hivi. Fundi huliondoa vifuniko, hulipasua ubavuni, kisha hulinyoosha kwa nyundo mpaka liwe bamba. Je, urefu wa bamba hilo ni kiasi gani? Wewe utazidisha kipenyo kwa 3.14, upate sentimita 179. Fundi hana chaki wala ubao. Lakini kabla ya kulipasua pipa amekwisha jua litatoa majiko mangapi, na vipande vipi vitabaki kwa miguu na vishikio. Wewe ukikosea hupoteza alama. Yeye akikosea hupoteza fedha za chakula cha jioni.

Tena fundi huyu husoma tabia ya chuma kama wewe unavyosoma ukurasa. Anajua ya kuwa springi kuukuu ya lori ni chuma kigumu kinachofaa patasi na panga, na ya kuwa bati la pipa ni laini, hukunjika bila kupasuka. Nondo zilizobaki penye jengo huzifanya miguu ya meza. Rimu ya gurudumu huifanya kitako cha kiti. Pale ambapo wewe na mimi twaona takataka, yeye huona kitu ambacho bado hakijazaliwa. Ikiwa hiyo si akili, sijui akili ni nini.

Jicho hilo hilo ndilo huzaa sanaa. Mwaka 1942 Picasso, mchoraji mkuu wa Hispania, alichukua kiti cha baiskeli kuukuu na usukani wake, akaviunganisha, vikawa kichwa cha fahali mwenye pembe. Kazi hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Paris. Watu hawakusema ya kwamba Picasso ameishia kuokota vyuma. Hapa kwetu Kenya, Kioko Mwitiki amejipatia sifa hata ng'ambo kwa sanamu za wanyama alizoziunda kwa vyuma vilivyotupwa. Basi kwa nini tendo moja liitwe ubingwa likifanywa Paris, na liitwe msiba likifanywa kando ya barabara ya Nairobi?

Tazama pia jirani zetu wa Msumbiji. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992, na nchi ikabaki imejaa bunduki. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika shauri hili na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kuwaomba watu walete silaha zao, nao wapewe majembe, baiskeli na vyerehani. Silaha zilikatwa vipande, na baadhi ya vipande vikafika mikononi mwa wasanii. Mwaka 2001 mmoja wao, Cristóvão Canhavato, aitwaye pia Kester, aliunda kiti kizima kwa bunduki zilizokatwa: miguu, mikono na mgongo. Mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, lilikinunua. Waheshimiwa wengi hutoa hotuba juu ya amani, na hotuba husahauliwa. Kiti kile kingali kinasema, wala hakina ulimi.

Najua majibu ya wapinzani wangu. Watasema: "Vyuma chakavu ni biashara ya wezi." Hoja hii si ya kupuuzwa. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara hiyo kwa muda, kwa sababu miundo ya umeme na mali nyingine ya umma ilikuwa ikiharibiwa na watu wanaotafuta chuma cha kuuza. Anayekata mguu wa mnara wa umeme huwatia watu wengi gizani, na fundi anayenunua chuma asiulize kilikotoka ni mshirika wa mwizi. Lakini kwa sababu vitabu huibwa, je, tuseme kusoma ni uovu? Tumwadhibu mwizi, tumkague mnunuzi, na fundi mwaminifu tumwache na heshima yake. Kumtupa jongoo pamoja na mti wake si haki.

Watasema tena: "Kazi yao ni duni, na ina hatari." Hapa nakubali zaidi kuliko wanavyotazamia. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi unaoweza kuleta homa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, nayo ni sumu. Sufuria zilizosubiwa kwa aluminiamu ya takataka zaweza kutia risasi hiyo hiyo katika chakula. Mambo haya ni kweli. Lakini nakuuliza, nani ayajuaye? Ni mwanafunzi wa kemia. Naye yuko wapi? Yuko mbali, kwa maana alitishwa tangu utotoni asikanyage karakana. Elimu imebaki darasani, moshi umebaki kwa fundi, na kati yao umejengwa ukuta wa dharau. Waliojenga ukuta huo ndio sasa wanaolalamika ya kwamba upande wa pili kuna giza.

Hilo ndilo dhara kubwa la tisho lile. Humnyima fundi msaada wa msomi, na humnyima msomi mikono yake. Tena husema uongo juu ya nchi yenyewe. Kwa miaka mingi takwimu za serikali zimeonyesha ya kuwa zaidi ya wanane katika kila wafanyakazi kumi wa Kenya, mbali na wakulima wadogo, wamo katika kazi zisizo rasmi, ambazo jua kali ni sehemu yake. Kumfundisha kijana kuzidharau kazi hizo ni kumfundisha kuwadharau wazazi wengi waliolipa karo ya shule kwa kazi hizo hizo, na pengine kuidharau kesho yake mwenyewe. Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Sikuambii uache masomo. Msomaji wangu, soma kwa bidii yako yote. Lakini usisome kwa kuikimbia nyundo. Siku ya mapumziko nenda kwa fundi aliye karibu nawe, umwamkie kwa adabu kama unavyomwamkia mwalimu, umwombe akuonyeshe jinsi pipa linavyokuwa jiko. Ukiwa unajua lolote juu ya moshi ule na sumu ile, mwambie kwa upole. Naye ana mengi ya kukuambia. Na siku utakapomsikia mtu akimtisha ndugu yako mdogo kwa maneno yale ya zamani, usinyamaze. Mwambie mtoto: "Soma, ili hata ukishika nyundo uishike kwa elimu."