Hesabu Kwanza, Amri Baadaye

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila khabari. Neno hili halikukusudiwa mwenye duka peke yake. Serikali nayo ina duka: mtaji wake ni kodi zetu, na faida yake yapasa kuwa afya, maji na chakula cha raia. Ikitoa amri kabla ya kufungua daftari, hasara haimfiki aliyeamrisha, humfika aliyeamrishwa.

Leo tunawaomba wanachama wetu wavuke bahari kwa fikra, wafike Tanga, wapande milima ya Usambara mpaka Shume, katika wilaya ya Lushoto. Huenda mtu akauliza: sisi watu wa kisiwani tuna nini na mlima wenye baridi? Tunajibu kuwa jambo linalotusumbua hapa, kule limekwisha kujaribiwa zaidi ya mara moja, na matokeo yake yanajulikana.

Zamani za Wadachi, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, zilitundikwa kamba za chuma kutoka Shume mpaka Mkumbara, chini kwenye reli ya Tanga, na magogo ya mwangati yakateremshwa kwa kupita hewani. Ulikuwa ufundi wa kustaajabisha. Lakini ufundi huo uliulizwa swali moja tu: gogo litafikaje relini? Haukuulizwa Mshambaa atabaki na nini.

Wakaja Waingereza, na katika mwaka 1946 wakaanzisha mpango wa kuokoa udongo wa Mlalo, katika wilaya hiyo hiyo, kisha wakaueneza. Wakulima wakaamrishwa kulima matuta ya kuzuia maji, na mwenye kukaidi akashitakiwa. Tuseme haki: wataalamu wale hawakusema uongo. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua kweli. Lakini walipima mteremko wa mlima wasipime jasho la mwanamke mwenye jembe, wala hofu ya mkulima aliyekwisha kuona ardhi ikishikwa na wageni. Watu wakakataa, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ule ulikuwa umeanguka, na ghadhabu ya matuta ikawa kuni katika jiko la TANU. Nusu ya hesabu iliachwa, na nusu hiyo ndiyo iliyoangusha yote.

Tazameni sasa khabari ya tatu. Katika mwaka 1980 tauni ilizuka Lushoto, na vijiji vya Shume vilikuwa miongoni mwa vilivyoadhibika sana. Kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini waliougua walipita 7,000, na mamia wakafa. La ajabu ni kuwa kijiji kimoja kilishikwa mwaka baada ya mwaka, na kingine kisicho mbali kikasalimika. Mwenye haraka angesema: ueni panya, basi! Lakini ukiua panya bila ya kuua viroboto kwanza, viroboto huuacha mzoga na kutafuta damu nyingine, nayo ni yako wewe na watoto wako.

Watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoko Morogoro, wakapiga hodi majumbani. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 walikusanya viroboto katika vijiji 12: 7 vilivyoshikwa na tauni mara nyingi, na 5 vilivyoshikwa kwa nadra au visivyoshikwa kabisa. Wakaona kuwa kiasi cha viroboto 72 katika kila 100 waliopatikana majumbani ni kiroboto wa binaadamu, siye wa panya, na kuwa alipozidi yeye, tauni nayo ilizidi. Hawakusema kuwa ndiye mkosa peke yake, kwani mwenye elimu hasemi zaidi ya alichokipima. Lakini mwenye kupanga fedha za afya amekwisha kuambiwa kuwa sakafu na kitanda navyo vitazamwe, si shimo la panya tu.

Na asidhani mtu kuwa haya ni ya bara peke yake. Mbung'o aliyekuwa akiua ng'ombe wa Unguja aliondoshwa kwa njia hiyo hiyo ya hesabu. Madume yalizalishwa Tanga, yakahasiwa kwa mionzi, na kuanzia mwaka 1994 yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8. Mitego ikawa inatazamwa na kuhesabiwa. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesalimika. Hapakuhitajika hotuba, mtego mtupu ulikuwa ndio ushahidi.

Basi sisi hatusemi kuwa serikali haina wataalamu. Inao, na wengi wao ni watoto wetu. Tunachokidai ni kuwa kila mpango wa kisima, wa hospitali au wa shamba uje mbele ya raia pamoja na hesabu yake kabla ya fedha kutumika. Na wale watakaobeba mzigo waulizwe kabla ya kubebeshwa. Na mpango ukishindwa, hesabu yake isifungiwe kabatini, kwani hasara iliyofichwa hulipwa mara mbili.

Lakini mwenye kudai daftari la mwenziwe na awe na lake. Mpinzani asiye na hesabu ni mpiga kelele tu, na kelele hujibiwa kwa kelele. Kila tawi na liandike: visima vingapi vina maji na vingapi vimekauka, mgonjwa huenda mwendo gani kufikia dawa, watoto wangapi hukaa chini skuli. Andikeni kweli, hata pale kweli inapoisifu serikali. Siku tutakapoingia barazani na daftari mkononi, atakayetupinga itambidi naye afungue lake.