KAZI YA HOTELI KUBWA: JINA LA LANGONI NA JINA LA MKATABANI



Swali moja huulizwa mara kwa mara katika baraza zetu za Mchafukoge na Kariakoo: je, yafaa karani, au kijana wake aliyemaliza shule, aiache njia ya ofisi akaajiriwe na kampuni kubwa ya hoteli? Wazee hujibu upesi, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Vijana nao huyatazama majengo marefu ya Kivukoni na mtaa wa Ohio, wakasema wazee wamepitwa na wakati. Twaona kila upande una haki yake, na jambo lenyewe lataka kupimwa.

Kwanza tuiondoe dharau. Wako makarani wanaodhani kuwa kumhudumia mgeni ni kazi ya chini kuliko kuandika barua. Hayo ni majivuno matupu. Katika hoteli kubwa mna wahasibu, watunza ghala, mafundi wa umeme, wapishi na wapokea wageni; na aliyeanza kwa kutandika vitanda aweza, kwa bidii na kwa kujua lugha, kuwa msimamizi. Aghalabu mfanyakazi hupewa sare, chakula cha zamu, na mafunzo ambayo nyumba ndogo ya wageni haiwezi kuyatoa. Tena cheti cha kampuni ijulikanayo duniani chaweza kumfungulia mlango Nairobi, hata Dubai.

Lakini tusifumbwe macho na taa za mlangoni. Hoteli hailali. Wengine wakila Idi au Krismasi pamoja na watoto wao, mtumishi wa hoteli yumo zamuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yaweka saa 45 za kawaida kwa juma, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku; asiyeijua hesabu hiyo atadai nini? Kadhalika kazi hii hufuata wageni. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia ndege, hoteli nyingi zilipunguza watu, hali karani wa Serikali aliendelea kupokea mshahara wake.

Lililo kubwa zaidi ni hili: jina lililo langoni mara nyingi silo la mwenye nyumba. Tazameni Hoteli ya Kilimanjaro. Ilifunguliwa 1965, ikakaa mikononi mwa Serikali miaka mingi. Ilipokwisha kubinafsishwa ikasimamiwa na Kempinski, na tangu 2011 ikaitwa Hyatt Regency. Ile ya mtaa wa Ohio imepata kuitwa Sheraton, Royal Palm, Mövenpick, kisha Serena. Jengo ni lile lile. Kampuni ya nje huleta jina na desturi zake, mwenye mali ni mwingine, na pengine watumishi wameandikwa na wakala ambaye si huyu wala yule. Siku ubao ukibadilishwa, mtumishi amwulize nani?

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kutia sahihi, mtu na asome ni nani aliyeandikwa kuwa mwajiri, na mkataba ni wa muda gani. Akiisha kuingia, na ahakikishe kila mara kwamba michango yake yafika NSSF, kwa kuwa akiba ya uzee haionekani upungufu wake mpaka uzee ufike. Na ajiunge na CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli. Akiachishwa kazi isivyo haki, na apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya siku 30 kupita. Wengi hupoteza haki kwa kungoja huruma.

Karani amezoea kusoma karatasi za watu wengine kwa uangalifu. Na aisome ya kwake vivyo hivyo. Akiyapata masharti mema kwa maandishi, aende kwa heri, nasi tutamsindikiza. Akiambiwa, "Njoo kwanza, mengine tutayaona baadaye," na abaki na kalamu yake.